Bunduki ya Mjane wa Mkuyuni

Kiwanda kilichounda bunduki ile kule Marekani kilikuwa kimeacha kuitoa tangu mimi ni mtoto, kwa hiyo niliposikia kwamba iko moja Mkuyuni, kwa mjane wa msasi, nilifunga duka mchana ule ule nikaenda.

Nilikuwa fundi wa cherehani na saa hapa Mwanza, kazi niliyoachiwa na baba aliyekuja kutoka Bara Hindi. Boma lilikuwa limenipa kibali cha bunduki kwa ajili ya viboko waliokuwa wakitoka ziwani na kumaliza mpunga wangu Pasiansi. Lakini nisiwasingizie viboko peke yao. Nilikuwa nimeitamani aina ile tangu ujana. Chini ya kifyatulio ina kitanzi cha chuma cha kuingiza vidole. Unakisukuma mbele, ganda linaruka nje. Unakirudisha, risasi nyingine imekwisha kuingia. Kwa mtu anayependa mashine, ule mlio wake ni kama kusikia saa nzuri ikitiwa ufunguo.

Mjane alikuwa mwanamke wa Ukerewe, kichwa bado kimenyolewa kwa msiba. Mume wake, Mjita, aliachiwa bunduki ile na mzungu wa machimbo aliyekuwa akimsindikiza kuwinda. Sasa mume amekufa, na karani wa boma amemwambia bunduki haiwezi kukaa kwa mtu asiye na kibali. Aliitoa chini ya kitanda imefungwa kwenye gunia, akaiweka mlangoni, akarudi nyuma kama aliyetua kuni zenye nyoka.

"Ndiyo iliyomuua," alisema. "Nakuambia mapema, fundi, usije ukasema nilikuficha. Alikuwa anaivuta kutoka kwenye mtumbwi, ameishika kwenye mdomo wa mtutu. Ikalia."

"Pole sana, mama. Ilikuwa na risasi?"

"Msasi anakwenda ziwani na bunduki tupu?" Alitazama chini. "Wanasema ni uzembe wake. Miaka yote ile hakuwa mzembe, siku moja tu akawa mzembe."

Tulipokuwa tukipatana, mwanamume mmoja alikuja akasimama uani, mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Mjane hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliniambia ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ukoo umemchagua amrithi msiba ukiisha.

"Unainunua ya nini hiyo?" aliniuliza. "Imekufa. Itupe ziwani."

"Nitaifufua," nilimjibu, nikicheka. Hakucheka.

Mke wangu hakutaka iingie nyumbani, basi nikaiweka dukani. Ilikuwa na hali mbaya. Kutu ilikuwa imekula mtutu kwa nje, kitako kimepasuka na kushonwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokaukia hapo ikawa ngumu kama pembe. Nilianza na kitako, nikachonga kingine kwa mti wa mninga. Mtutu niliusugua kwa majivu na mafuta mpaka chuma kikaonekana. Kwa bahati, ndani ulikuwa mzima.

Siku ya pili tu yule shemeji alikuja. Alinisalimu, akaketi kwenye benchi la wateja, akaangalia mikono yangu. Hakuleta cherehani wala saa. Nikadhani anapita. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa yake. Alikuja jua likianza kulegea, akaondoka nilipofunga. Wateja wangu walimpisha wakidhani ni mtu wangu. Nilipomuuliza kama ana shida yoyote, alisema, "Naangalia tu, fundi. Ilikuwa ya ndugu yangu."

Nani angemfukuza mtu kwa neno kama hilo? Hata hivyo nilianza kuichukia saa yake ya kuja. Niligundua kwamba nikishika kitako au mtutu, alitazama barabarani, hata akasinzia. Nikigusa sehemu ya kifyatulio, alinyanyuka kidogo kutoka kwenye benchi.

"Huko ndani umeshafungua?" aliuliza siku moja.

"Bado."

"Usifungue. Huko hakuna kilichoharibika."

Asubuhi iliyofuata, kabla hajaja, nilifunga mlango nikafungua.

Bunduki ya namna ile ina nyundo ndogo nyuma, inayovutwa kwa kidole gumba. Ukiivuta nusu, inakaa kwenye jino la usalama; hata ukigonga bunduki au ukivuta kifyatulio, hailii. Jino hilo halikuwepo. Sikuona kwamba limelika kwa uzee, maana chuma kikilika kwa uzee kinakuwa laini na cha kung'aa. Hapa palikuwa na mikwaruzo iliyonyooka, mstari kwa mstari. Mtu alipitisha tupa. Nyundo ilionekana imeshika, kumbe imening'inia tu, inangoja kuguswa. Kugonga ubao wa mtumbwi kungetosha.

Nilikaa na kile kipande, ile nyundo ndogo, kiganjani hadi chai ikapoa. Nilimwona yule marehemu, ambaye sikupata kumjua, akiivuta bunduki kwake kwa imani. Kisha nikamfikiria mwanamke wa Mkuyuni, na mtu anayesubiri msiba uishe.

Jioni alipofika sikuwa nimekirudisha. Aliona kipande mezani kabla hajaketi. Akavuta mlango nyuma yake, na duka likawa giza nusu.

"Umeona nini?" aliuliza.

Meza ilikuwa kati yetu, na nyundo yangu nzito ya kazi ilikuwa upande wake. Niliogopa, lakini nikasema, "Nimeona tupa."

Mkono wake ulibaki kwenye mlango. Kisha akauachia, akaketi sakafuni, si kwenye benchi.

"Kifyatulio kilikuwa kigumu," alisema. "Niliiazima nipige kiboko. Nikakwangua kidogo, kiwe chepesi. Sikujua jino lipi ni la kazi gani. Nilimrudishia sikumwambia, maana angenikataza kuishika tena. Fundi, sikumuua kwa kusudi."

Nilimwamini? Mpaka leo nasema ndiyo, na mpaka leo kuna siku nasema hapana.

"Usimwambie shemeji yangu wa Mkuyuni," alisema.

"Mwambie wewe. Kesho nakwenda kwake. Twende wote, au nitakwenda peke yangu."

Usingizi sikuupata. Kesho yake alinikuta njiani, tukatembea hadi Mkuyuni bila neno. Mjane alikuwa anapepeta mtama. Yule bwana alichuchumaa mbele yake, kitu ambacho kaka mkubwa wa mume hafanyi, akasema yote kwa Kijita, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie kwamba hakupunguza. Ungo haukutikisika mikononi mwa yule mama.

"Siku tunamzika, ulijua?"

"Nilijua."

"Na waliposema ni mzembe?"

Mjane aliweka ungo chini, akaingia ndani, akaanza kufunga vitu. Wazee wa ukoo walikuja wiki hiyo kumsihi, wakamtisha pia, wakisema mjane asiyerithiwa ataleta mkosi. Aliwaambia mkosi umeshakula naye sahani moja. Akapanda boti ya Ukerewe na watoto wake, akarudi kwao.

Mimi nilikata nyundo mpya kutoka kwenye chuma cha springi ya lori, nikaipasha moto kwa makaa, nikaichovya kwenye mafuta ili ikaze vizuri. Jino la usalama nililichonga refu kuliko la kiwandani. Bunduki ikawa nzuri kupita nilivyoota. Nilikwenda nayo Pasiansi, nikapiga juu ya maji, viboko wakazama, mpunga ukapona msimu ule.

Lakini yule bwana hakuacha kuja. Alikuja mwaka mzima, akaketi kwenye benchi lile lile, hata siku ambazo bunduki haikuwepo dukani. Hakuitaja tena. Aliangalia mikono yangu nikitengeneza cherehani za watu, na mara nyingine aliuliza, kwa sauti ya chini, kipande hiki au kile ni cha kazi gani. Nilimweleza kila mara. Lakini hata siku moja sikumgeuzia mgongo.