Dactylo Aliyesoma kwa Sauti

Kwenye orodha ya wafanyakazi alikuwa Citoyenne Nabintu, yaani Raia Nabintu, maana miaka ile serikali ilikataza jina la ubatizo kwenye karatasi za ofisi. Sisi wanafunzi tulimwita Maman Adélaïde, naye aliitika kwa yote mawili. Aliishi mtaa wa Nyalukemba. Kila asubuhi alipanda kilima hadi kwenye taasisi yetu akiwa na viatu vya raba, akavivua mlangoni na kuvaa vya ngozi, kisha akaketi mbele ya mashine. Kwa miaka kumi na saba, akiwa dactylo wetu, alipiga chapa mémoire, zile tasnifu za kumalizia masomo, za watu ambao baadaye waliitwa injinia na mwalimu. Mimi ni mmoja wao, na ningependa kusema nilimtendea vema, lakini ningekuwa naongopa.

Hesabu aliziachia darasani, mwaka wa pili wa sekondari. Hata hivyo hakuna aliyezijua sura zake kama yeye. Kwenye mashine ya zamani, akitaka kuweka namba ndogo ya juu, ile ya kipeo, alizungusha gurudumu la karatasi nusu hatua, akagonga mara moja, akarudisha. Mstari wa sehemu aliuweka katikati kabisa ya urefu wa herufi. Ukiona hesabu imekaa kati ya maneno ya Kifaransa bila kuyasukuma wala kuning'inia, ujue ni mkono wake.

Alikuwa na desturi moja iliyotuchosha sote. Ukurasa haukutoka ofisini mwake kabla haujasomwa kwa sauti. Yeye alisoma alama baada ya alama, mabano, namba za juu na namba za chini, na wewe ukafuata kwa kidole kwenye brouillon yako, ile rasimu ya mkono. "Tusome," alisema, na hapo hata kama una njaa utakaa. Tuliiita misa ya Maman Adélaïde, naye alicheka pamoja nasi, kisha akaanza kusoma.

Mwaka wa themanini na tisa taasisi ilipata ordinateur, kompyuta yake ya kwanza. Ilifunikwa kitambaa cheupe kama meza ya Pasaka, na wakubwa wakaanza kugombea ni nani wa kuishika. Alipewa yeye. Aliufungua ule mwongozo mnene, akausoma kwa mwezi mzima, akiandika vitu pembeni kwa penseli. Sijawahi kumwona mtu anayefurahia kazi kiasi kile. Alikuja hata Jumamosi.

Ila mashine ile ilikuwa na kiburi chake. Ukiingiza hesabu yenye ghorofa mbili katikati ya sentensi, mstari ule ulijitenga na wenzake, juu nafasi, chini nafasi, na ukurasa mzima ukawa kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Mara nyingine hesabu ilizama chini na maneno yakabaki juu. Kwenye kioo hukuona kitu, ila alama za amri tu. Hesabu yenyewe ilionekana ikishatoka kwenye karatasi. Kwa hiyo Maman Adélaïde alichapa, akatazama, akapandisha hesabu kidogo, akachapa tena. Sura moja ya mémoire yangu ilimla siku nne.

Kazi yangu ilihusu mwendo wa maji katika mifereji. Profesa Adalbert, aliyenisimamia, alizipokea kurasa za kwanza, akazishika mbali na macho na kuuliza, "Théodore, hii ni ukurasa ao ni ngazi?" Alitaka mistari iwe sawasawa, na soutenance yangu, siku ya kuitetea kazi mbele ya jury ya watahini, ilikuwa Jumatatu. Nilirudi kwa Maman Adélaïde nikiwa nimekasirika kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza ile mashine.

Nilikuwa nimeupekua mwongozo wake na kuona amri moja ya kuulazimisha kila mstari uwe na kimo kimoja, uwe na hesabu au usiwe nayo. Nilimwambia aiweke kwa kitabu chote.

"Théo, mutoto wangu, hii machine ukiilazimisha itakata," alisema. "Formule iko na kichwa yake. Inaomba nafasi."

"Maman, jury iko lundi. Weka tu."

Aliweka. Kurasa zikatoka zimenyooka, nzuri ajabu, nikakaribia kumkumbatia. Palepale, nikiwa nimesimama mlangoni, nilimtajia kwa mdomo badiliko la kipeo cha hesabu moja ya ukurasa wa themanini na nane, bila kuliandika popote. Aliirekebisha, akachapa ukurasa ule, akavuta kiti cha pili.

"Sasa tusome."

"Hizi formule ni mimi niliandika, maman. Nazijua. Unipatie makaratasi."

Katika miaka yote ile sidhani kama aliwahi kutoa kazi isiyosomwa. Alinipa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono.

Jumatatu alikuja kwenye soutenance, kama alivyozoea kuja kwa kila mmoja wetu, akaketi nyuma amejifunga liputa mpya, kitenge cha kijani. Nilieleza vizuri. Kisha mzee mmoja wa jury akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akavua miwani, akauliza tangu lini urefu wa maji unapimwa kwa sekunde. Niliangalia nakala yangu. Mahali pa kasi kwa kipeo cha pili palikuwa na kasi peke yake. Mstari ulikuwa umekikata kichwa cha hesabu, na ile mbili ndogo imekwenda. Akafungua ukurasa mwingine, mambo yaleyale. Zilikuwa ishirini na tisa.

Ningeweza kusema nililazimisha mistari, nikakataa kusoma. Maneno hayo hayakuzidi pumzi moja. Badala yake nilisema, kwa Kifaransa safi nilichojivunia, kwamba ni kosa la dactylo, mama mwema lakini hajui hesabu. Ukumbi ukacheka. Profesa Adalbert naye akacheka, akifurahi kwamba aibu imepata pa kwenda. Niliandika hesabu sahihi ubaoni na nikapewa distinction, alama ya juu. Sikugeuka kutazama nyuma.

Wiki iliyofuata walimwondoa kwenye ordinateur. Katibu aliniita nithibitishe maneno yangu kwa maandishi, nami nikaweka sahihi. Maman Adélaïde alipelekwa chumba cha kumbukumbu kufunga majalada kwa kamba. Hakuja kunidai maelezo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwona njiani, najifanya nina haraka, navuka upande wa pili. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya, si mara moja, kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimekwisha kuwa assistant, mwalimu msaidizi, palepale, ghorofa moja juu ya chumba chake. Halafu akaugua, akapelekwa kwao Bunyakiri, na mwaka wa tisini na tatu tukachangishwa kwa ajili ya msiba wake.

Mwaka uliofuata mwanafunzi wangu mmoja alihitaji ile mémoire yangu. Nilishuka bibliothèque, nikaitoa, nikafungua ukurasa wa arobaini na moja kama mtu anayegusa kidonda. Ile mbili ilikuwapo. Ndogo, ya wino mweusi, imekaa mahali pake kabisa. Nikageuza kurasa, kila kichwa kilichokatwa kilikuwa kimerudishwa kwa mkono. Nakala ya pili nayo ilikuwa vilevile.

Nilimuuliza Isidore, mtunza vitabu.

"Ni ule maman Adélaïde," alisema. "Alikuya na brouillon yako mu sachet, nyuma tu ya soutenance. Siku tatu. Alikuwa anasoma kwa sauti, yeye peke. Nikamwambia, maman, hapa ni bibliothèque. Akaomba pardon, akaendelea polepole."

Nilikaa chini. Nilisoma kurasa zote, kwa sauti ya chini, kidole kikifuata, mpaka nikafika ukurasa wa themanini na nane. Hapo, juu ya ile hesabu niliyomtajia mlangoni, kichwa kilibaki kimekatwa, hapakuwa na wino. Brouillon haikuwa na jibu, na yeye hakuwa mtu wa kubahatisha. Pembeni aliandika kwa penseli, kwa mwandiko wake ulionyooka: *Kuuliza Théo*.

Ni tatu, maman. Ilikuwa tatu.