Maji Yasiyorudi

Wauguzi walimwita Bibi Moto kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili ndiye aliyeliangalia boila la hospitali, mtambo uliochemsha maji ya kupasha vyumba joto. Walimtania kwamba hata akikohoa hutoa mvuke, naye alicheka nao. Asubuhi ile hakucheka na mtu.

Muuguzi wa zamu alishuka ngazi mbio hadi chumba cha boila. "Bibi Moto, chumba cha njiti kimepoa! Nyuzi kumi na nane, na zinazidi kushuka!"

Mle chumbani walilala watoto wanne waliozaliwa kabla ya wakati. Mmoja alikuwa mjukuu wa Bibi Moto, wa siku tatu, mwepesi kuliko spana yake kubwa.

Akatazama geji ya joto. Maji yalitoka kwenye boila yakiwa na nyuzi sabini na tano, kama kawaida. Akashika bomba la maji yanayorudi. Baridi tupu.

Mkuu wa mafundi akaingia. "Ongeza moto."

"Mkuu, moto upo. Maji ndiyo hayatembei. Yasipozunguka, joto linabaki humuhumu. Kuna hewa imeziba bomba huko juu."

"Mama, nimesema ongeza." Akazungusha swichi ya joto mwenyewe hadi nyuzi tisini, akaondoka.

Bibi Moto akachukua ufunguo wake wa kutolea hewa, akapanda. Mlangoni mwa chumba alimwona binti yake, mtoto kifuani, shuka mbili juu yao.

"Mama, midomo yake imebadilika rangi."

"Mbane hivyo hivyo, ngozi kwa ngozi. Usimwachie hata kidogo."

Akafungua vipasha joto vya ukutani kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilitoa maji ya baridi, bila hewa. Cha pili vilevile. Cha mwisho kabisa, mahali bomba lilipopanda juu kuliko kote, kilikuwa nyuma ya kabati la mashuka. Akalisukuma kabati kwa bega, huku akilia na kutukana. Alipolegeza skrubu, hewa ilipiga mluzi mrefu, kisha yakaja maji ya baridi, ya vuguvugu, na mwishowe yale ya nyuzi tisini. Bado yalikuwa na mapovu. Akifunga sasa, hewa itabaki. Alishikilia ufunguo mpaka mapovu yakaisha, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma.

Baada ya saa moja, bomba la kurudi lilikuwa na joto. Chumba kilifika nyuzi ishirini na sita. Mjukuu wake alilia kwa sauti, akanyonya.

Mtoto wa kitanda cha dirishani hakuamka.

Mama yake alimkuta Bibi Moto kwenye benchi la korido, mkono umefungwa bendeji. Akaketi karibu naye.

"Wanasema maji yalikuwa ya moto muda wote. Kweli?"

"Kweli, mwanangu. Hayakuwa yanafika."

Yule mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akauliza tena, kwa maneno yaleyale.