Darasa la Kushona pale Chiwata

Shule ya misheni pale Chiwata ilikwisha jua likiwa utosini. Wavulana walitoka mbio kwenda kuwinga ndege mashambani, na sisi wasichana wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, tukabaki. Mke wa mwalimu, tuliyemwita Mama Mwalimu, alitandika mkeka barazani kwake akatufundisha kushona mpaka jua lipoe. Sindano zilikuwa nne, sisi tulikuwa tisa. Aliyekosa sindano aliwasomea wenzake kwa sauti.

Asubuhi shuleni tulikuwa watoto wa Wakristo karibu sote, lakini mchana walikuja na wengine. Shoga yangu alikuwa mmoja wao. Kwao ni Waislamu, wakulima. Baba yake alikwisha kufa, na kama ilivyo kwetu, mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba wake. Mama Mwalimu alikwenda mwenyewe kumwomba, mimi nimefuatana naye nimebeba kitambaa cha mfano.

Mjomba alikigeuza kile kitambaa huku na huku. "Kushona, sawa," akasema. "Kusali kwenu, hapana."

"Nimekusikia, Baba. Kushona tu."

Basi akaja. Mama Mwalimu alitushonesha herufi, maana alisema mkono ukiijua herufi, jicho halitaisahau. Haikupita miezi mingi shoga yangu akawa anasoma vizuri kuliko mimi niliyekaa darasani kila asubuhi. Nilimwonea wivu. Siku moja niliuficha uzi wake chini ya paja langu, nikamwacha autafute mpaka tukaondoka. Hakuniuliza.

Kisha zikaja habari za maji, dawa ya kugeuza risasi za Wadachi ziwe maji. Baba yangu, aliyekuwa seremala wa misheni, alitukataza hata kuzitaja nyumbani. Mjomba wa shoga yangu aliondoka na wenzake kwenda kuyanywa.

Mchana mmoja tukiwa barazani, mwalimu alikuja akamnong'oneza mkewe. Mama Mwalimu akapita kwa kila mmoja wetu akichukua sindano mikononi, uzi ukining'inia.

"Nendeni makwenu," alisema. "Msipite njia kubwa."

Wapiganaji walikuwa karibu. Wazungu wa misheni walikuwa wanakimbilia pwani, na Mama Mwalimu na mumewe pamoja nao. Sisi baba aliamua tupande Newala, ambako jumbe hakuwa ameingia vitani. Nilikimbia kwa shoga yangu nikamkuta anatwanga na mama yake.

"Twende na sisi," nikamwambia.

Alimtazama mama yake. Mama naye akanitazama mimi. "Mjomba wake hayupo. Akirudi asimkute, mimi nitamwambia nini?"

Nikasikia baba ananiita, nikakimbia.

Newala hapakuwa na darasa la mchana wala la asubuhi. Palikuwa na maji ya kuteka bondeni, kushuka na kupanda, siku nzima kwa mtungi mmoja. Tuliporudi Chiwata shule ilikuwa majivu, wapiganaji wameichoma. Askari wa Wadachi nao walikuwa wamepita wakichoma maghala, bila kuuliza nani alikunywa dawa na nani hakunywa. Mjomba wa shoga yangu walimnyonga. Shoga yangu mwenyewe nilimkuta hai, magoti yake yamekuwa makubwa kuliko mapaja.

Njaa ile ilidumu. Ikafika asubuhi aliyokuja kwetu peke yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nichukueni nikae hapa. Nitatwanga, nitateka maji. Mimi sili sana."

Mjomba wake mdogo, ambaye sasa ndiye mwenye kauli juu yake, alikuwa amemtoa kwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, kwa mizigo miwili ya mtama. Baba aliiweka randa chini.

"Mwanangu, humu ndani tunachimba viazi vya ming'oko porini, na yenyewe haitutoshi. Tena mtama wa watu mama yako ameshaula. Nikikuficha watamchukua yeye."

Nilitaka kusema nitamgawia changu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini tangu jana yake nilikuwa nimekula kiazi kimoja cha mwitu, nacho nilikigombea na ndugu zangu, nikanyamaza. Mama alikuwa jikoni, naye hakutoka.

Aliondoka mchana ule nyuma ya yule mtu. Niliwafuata mpaka kijitoni. Mtu yule hakuwa mkali. Aligeuka akaniambia, "Rudi, binti, mama yako atakutafuta." Shoga yangu hakugeuka.

Mvua zilipoanza Mama Mwalimu alirudi, na darasa likaanza tena chini ya paa la majani. Tulikuwa wanne. Alipouliza wengine, tulimweleza mmoja mmoja, yupi amekufa, yupi amehama. Tulipolifikia jina la shoga yangu, Mama Mwalimu aliinuka akaingia ndani. Mumewe aliandika barua bomani kwa ajili ya shoga yangu, akaandika na ya pili. Hazikujibiwa.

Nimeolewa Newala, na kila aliyevuka kutoka ng'ambo nilimuuliza. Walinisikiliza vizuri. Waliniambia wasichana waliochukuliwa wakati ule walipewa majina mengine, na wengine waliuzwa mbele zaidi. Hakuna aliyemjua.

Mama yake aliishi mpaka nikawa na watoto wawili. Kila nilipokwenda Chiwata nilipita kumwamkia, naye kabla sijakaa aliuliza, "Hujasikia?"

"Bado, Mama."

"Haya," alisema, akaniuliza hali ya watoto.