Kabichi za Mwanamisi Kwenye Kundi la Kijiji

Jirani yangu Mwanamisi, huku juu Magamba, ana adabu kupita kiasi, na adabu hiyo ilinichosha mimi kabla haijawachosha viongozi.

Daraja la magogo lilipovunjika, lori la wanunuzi likakoma kufika, na kabichi zake zikaanza kupasuka shambani. Mwaka huu hakuwa na kingine cha kuuza. Nikamwambia, "Wifi, peleka malalamiko kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Mtendaji yumo."

Akapeleka kwa ujumbe wa sauti. Lakini kundini wamo wazee, na mzee hasalimiwi kwa jumla. Akaanza: shikamoo Mzee Kassimu, mgongo unaendeleaje, shikamoo Mama Esta, mjukuu amepona? Daraja lilitajwa dakika ya nne. Mtendaji wetu Alphonce, kijana wa kuja, alisikiliza mwanzo tu akajibu, "Asante mama kwa salamu." Wazee nao wakaitikia mmoja mmoja, malalamiko yakazama chini ya marahaba thelathini. Mpaka daraja linatimiza wiki tatu, mchezo ulikuwa huohuo.

Jumatano moja hasira zikampanda. Akapiga picha ya kabichi zilizooza, akaituma kavukavu.

Kundi zima likashtuka. Mzee Kassimu akasema huo ni msiba, Mwanamisi hawezi kuacha salamu bure. Kufika adhuhuri wazee walikuwa njiani kuja kumpa pole, na Alphonce wamemburuta. Wao walivuka mto kwa kukanyaga mawe, wamezoea. Alphonce akaliamini gogo lililobaki, akatumbukia mtoni mpaka kiunoni, simu ikiwa mfukoni.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mwanamisi hakucheka. Alimpa kitenge ajifunge, akawapeleka wote shambani, na harufu ikamaliza maelezo. Machozi yalimlenga, nami nikaona haya kwa kicheko changu.

Simu ya Alphonce ilikuwa imekufa, na vidole vinamtetemeka kwa baridi. Akaomba Mwanamisi amwandikie ujumbe wa kwenda halmashauri.

"Andika, mama: daraja limevunjika, tunaomba mafundi haraka."

"Limevunjika lini?"

Alphonce akaitazama suruali yake iliyoanikwa kwenye ua, inachuruzika maji.

"Andika leo."

Mwanamisi akaandika wiki tatu, akatuma.