Mtoto Aliyekaa na Wanaolia

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Thika ambayo mpaka leo ninaikumbuka, hata baridi yake. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ule wa mawingu mazito ambapo jua linaweza kukosa kuonekana siku nzima. Mimi nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe ulivyo sasa. Nilikuwa nimetoka kwetu Murang'a na sanduku moja la mabati, nimeajiriwa kufundisha watoto wa nasari katika shule ndogo karibu na viwanda.

Sikuwa na mtu Thika. Nilipanga chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vingi, na majirani wangu wote walikuwa watu wa zamu, huyu akirudi yule anatoka, kwa hiyo tulijuana kwa kufunguliana geti tu. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nateremka mpaka kwenye maporomoko ya Chania, nakaa pale ukingoni mpaka jioni. Wengine walienda kutazama maji. Mimi nilienda kwa sababu pale kulikuwa na kelele, na chumbani kwangu hakukuwa na sauti ya mtu. Nakwambia haya ujue ni mtu wa aina gani aliyekabidhiwa watoto wa wenyewe.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama mjane aliyeitwa Mwalimu Rahabu. Alikuwa mrefu, wa maneno machache, na alitembea polepole kwa ajili ya goti lililomsumbua. Chuo nilikuwa nimepita, lakini kazi yenyewe nilifundishwa na huyo.

Darasani kwangu kulikuwa na mtoto aitwaye Muthoni, wa miaka kama mitano. Mama yake alifanya kazi kiwandani, kwenye matunda ya mikebe, na baba yake alitengeneza baiskeli pale stendi. Muthoni alikuwa haongei. Ukimuuliza jina alikujibu kwa sauti ndogo huku akiangalia miguu yake. Nikiandika a, e, i, o, u ubaoni na kuwaita mmoja mmoja, wenzake walipayuka kwa furaha, yeye alisimama tu, machozi yakimlengalenga. Kuhesabu, hivyo hivyo. Kuimba, midomo ilicheza bila sauti kutoka.

Wenzake walikuwa wameshazoea. "Mwalimu, huyo hajui," waliniambia, tena kwa wema kabisa, kama watu wanaonisaidia nisipoteze wakati. Na yeye alitikisa kichwa kukubali. Hicho ndicho kilichoniuma. Mtoto mdogo vile, na tayari amekubali.

Nilijaribu, mwanangu. Baada ya uji nilibaki naye, nikamshika kidole tukaandika herufi kwenye vumbi. Nikamwambia, "Wewe ni hodari, Muthoni. Wewe ni mtoto mzuri sana." Aliniangalia vile unavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba akabisha hodi.

Basi asubuhi hiyo ya Julai baba yake akaja. Alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi, akakataa kiti.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua huyu. Tangu aanze hapa hata jina lake hawezi kuandika. Dada yangu huko Ruiru amejifungua, anataka msichana wa kumshikia mtoto. Heri aende huko, hapa anapoteza siku tu."

"Lakini ni mdogo sana, baba Muthoni."

"Mimi nikiwa hivyo nilikuwa nachunga mbuzi. Huyu hana kitu kichwani, Mwalimu. Tusidanganyane."

Alisema yote hayo Muthoni akiwa hapo hapo, amesimama kando ya mguu wake. Ningesema anajua nini? Nikakimbia kumwita Mwalimu Rahabu.

Mwalimu Rahabu hakubishana naye. Alimsalimia, akamuuliza habari za kazi, akamwomba akae kidogo na mtoto wake kwenye benchi ya nje mpaka uji uive. Kisha akanivuta kando, karibu na dirisha linaloelekea getini.

"Kila asubuhi wiki hii tumeletewa watoto wapya," akasema. "Umewasikia wakilia getini?"

"Nimewasikia."

"Na huwa wananyamazishwa na nani?"

"Hunyamaza wenyewe, Mwalimu. Mtoto hulia akachoka."

Akanitazama mpaka nikaona haya. "Hawanyamazi wenyewe. Wewe umekuwa ukitafuta kwa Muthoni kile unachotaka awe nacho, lakini yeye mwenyewe hujamtazama bado. Simama hapa, utazame."

Haukupita muda, bibi mmoja akamleta mjukuu wake, kitoto kinaitwa Kamau. Bibi alipogeuka tu aende, Kamau akajitupa chini getini, akapiga yowe akimwita bibi yake, "Cucu! Cucu!" Watoto wengine wakamcheka. Mpishi akamletea kipande cha mkate, akakitupa.

Muthoni akainuka kutoka kwenye benchi. Hakuna aliyemtuma. Akaenda akakaa chini kwenye mchanga, si karibu sana. Hakumgusa wala hakumwambia kitu. Akaanza kupanga vijiwe, kimoja juu ya kingine. Kamau akizidisha kilio, yeye anangoja. Kamau akivuta pumzi, yeye anasogea kidogo. Mwisho akamnyooshea kijiwe. Kamau akakiangalia kwa hasira, huku makamasi yamemjaa, halafu akakichukua akakiweka juu ya vile vingine. Vikaanguka. Wakaanza upya.

Ndipo nikamsikia Muthoni akisema sentensi nzima kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Cucu atarudi. Hata mama yangu hurudi, king'ora cha kiwanda kikilia."

Kamau akainuka, akaja amemshika gauni.

Mwalimu Rahabu akatoka nje. Aliinama mbele ya yule mtoto, na goti lile bovu, mpaka macho yao yakawa sawa.

"Muthoni, nimekuona. Kamau alikuwa na hofu. Hukumcheka, hukumvuta. Umekaa naye mpaka hofu ikamtoka. Wakubwa wengi hawawezi hivyo. Wewe unaweza."

Muthoni akanyanyua macho. "Ni mimi?"

"Ni wewe."

Akanielekezea kidole. "Si Mwalimu?"

"Mwalimu hakuweza," akasema Mwalimu Rahabu, na mpishi akacheka, nami nikacheka pia, maana ningefanya nini?

Baba Muthoni alikuwa amesimama, benchi ameiacha nyuma yake. Akafuta mikono kwenye suruali. "Hata nyumbani humfanyia mdogo wake hivyo," akasema. "Sikujua kama hicho nacho ni kitu." Akamtazama binti yake, akasema, "Wacha amalize muhula huu." Akaenda zake stendi.

Tangu siku hiyo Muthoni alisimama nami getini kila asubuhi kupokea watoto. Nami nilijifunza kumwambia nilichokiona siku hiyo hiyo, kama kilivyo. "Leo umengoja Njeri amalize kulia ndipo ukamshika mkono." "Leo umejua yule hakulia kwa hofu, amelia kwa njaa." Hakuna uchawi uliotokea, mwanangu. Sauti ilimjia polepole, na herufi pia, na nyingi alizijua kwa sababu alitaka kumwonyesha Kamau. Muhula ulipoisha aliandika jina lake lote, ingawa N ilitazama nyuma.

Lakini mwezi huo huo mama yake akaachishwa kazi, na wazazi wakaamua kuhamia Ruiru wote, karibu na yule dada. Mama Muthoni alikuja kumchukua amebeba godoro. Mtoto akanivuta sketi.

"Mwalimu, huko Ruiru watajua?"

"Watajua nini?"

"Kwamba mimi hukaa na wanaolia."

Nilitaka kumwambia ndiyo. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini niliijua dunia kidogo, nami nilikuwa mgeni wa mji usionijua. Nikamwambia, "Pengine hawatajua, Muthoni. Au watachukua muda. Lakini wewe unajua."

Akafikiri. "Mimi najua," akasema. Akamshika mama yake mkono wakaenda.

Sikumwona tena. Miaka mingi baadaye nilipoolewa hapa Ruiru, nilikuwa nikienda sokoni nawatazama wanawake wa umri wake usoni, mmoja baada ya mwingine. Siku hizi nimeacha. Mji umejaa maghorofa na watu wasiofahamiana, na yeye mwenyewe huenda ameshakuwa cucu wa mtu.

Jioni ile Muthoni na mama yake walipoondoka, Mwalimu Rahabu alinikuta nimekaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, darasa tupu. Akaniuliza, "Na wewe, msichana wangu, ni nani aliwahi kukuambia unachoweza?"

Nikawapitia moyoni wazazi wangu, walimu wangu wote, kanisa letu. "Hakuna," nikasema.

"Basi nakuambia mimi. Wewe ukishindwa huondoki. Umekaa na yule mtoto kila siku hata ulipokuwa hujui la kumfanyia."

Nililia, mwanangu. Na nikwambie ukweli, neno hilo nimeishi nalo. Mwalimu Rahabu alishazikwa. Mzee wangu naye amefariki akaniacha. Watoto niliowazaa wako mbali, hupiga simu Jumapili, wakipata nafasi. Ziko siku nyumba hii inakuwa kimya hata nasikia friji ikinguruma kama kwamba kuna mgeni jikoni. Siku hizo hujiambia, wewe ukishindwa huondoki. Kisha huinuka nikapika chai.

Nimekusimulia haya, jirani yangu, kwa sababu juzi ulipokuwa ukianika nguo hapo uani nilimsikia Tasha wako akikwambia, "Mum, mimi siwezi kitu." Nawe umetoka kazini umechoka, ukamwambia, "Utaweza tu, enda ucheze." Sikulaumu. Lakini hilo neno "utaweza" halina pa kushika, na mtoto hulijua. Kaa umtazame kwanza, hata kama ni dakika za kumenya viazi, bila kumrekebisha. Kipo kitu anachokifanya bila kutumwa. Ukikiona, mwambie saa hiyo hiyo, kwa maneno madogo: umefanya hivi, nimekuona. Kisha mpe kazi ya kweli ya kitu hicho, maana mtoto huamini mikono yake kuliko sifa zako. Usimpime kwa mtoto wa dada yako. Na asiyoyajua usiyataje mbele ya watu akiwa hapo, kwa sababu atakubali, na mtoto akishakubali hivyo ni vigumu kumtoa hapo. Hayo mengine, kusoma na hesabu, yafundishe kwa subira. Yatakuja, mengine yakichelewa.

Hutakuwa naye siku zote. Hata mimi wangu nilidhani nitakuwa nao.

Mungu akupe macho ya kumwona mtoto uliye naye. Akupe nguvu jioni, ukirudi umechoka, ibaki kidogo ya kumsikiliza. Na upweke ukimfikia Tasha ukubwani, maana humfikia kila mtu, umkute anajijua. Nenda kwa amani, mwanangu.