Kiganja Kilichopima Moto

Kaka yangu watu wanamwita Kipimo, na jina hilo amelivaa mpaka limemganda. Mama alimpa jina jingine, zuri tu, lakini ukimwita kwa hilo pale dukani hageuki. Kazi yetu ni kutengeneza amplifaya za gitaa, zile za zamani, zenye taa za kioo ndani ambazo mafundi tunaziita valvu. Ugonjwa mkubwa wa mashine hizi ni joto. Zilitengenezwa enzi ambazo umeme wa ukutani ulikuwa mpole, sasa umeme ni mkali na zenyewe zimezeeka. Mwenye nayo naye anaisukumiza ukutani isipate hewa, anaifunika kitambaa eti ipendeze, halafu anakuja kutulilia kwamba inanuka moshi.

Kaka akishatengeneza mashine huiwasha, akaiacha nusu saa, kisha akaweka kiganja juu ya transfoma, kile kipande kizito cha chuma na waya kinacholisha mashine nzima, akahesabu kwa sauti. Akifika kumi bila kutoa mkono, mashine ni nzima. Asipofika, kuna mahali umeme unaliwa kupita kiasi. Wateja walikipenda kiganja hicho kuliko kazi yenyewe. Ukimtajia mita ya kupimia umeme anakucheka. "Mita ni fimbo ya kipofu," anasema. Mimi ninayo, niliinunua mwenyewe, na nilikuwa naitumia akienda kunywa chai.

Mimi nasuka. Transfoma ikiungua, waya wake wa shaba hufumuliwa wote, ukasukwa upya mzunguko kwa mzunguko, elfu mbili na kitu, na ukikwaruza waya mahali pamoja tu umejichimbia kaburi. Miaka kumi na moja haijarudi hata moja. Ubao wa mlangoni ni wa kaka, sifa ni za kaka, haya, simwonei kijicho. Lakini kazi isiyorudi ni yangu, mafundi wenzetu wanalijua hilo, na ndilo jina pekee nililonalo.

Sasa, mwaka jana kaka aliokota chuma cha lehemu kwa upande wa moto. Alikishika hivihivi, anaendelea kunisimulia habari za jirani, mpaka mimi nikasikia harufu ya nyama. Loo! Nilimpokonya. Akaangalia kiganja chake kama cha mtu mwingine. Kumbe kisukari kilikuwa kimeshaua mishipa ya fahamu, daktari alimwambia zamani, naye akanyamaza.

"Usimwambie wifi yako," alisema. "Wala mteja yeyote."

Nikamfunga kitambaa, nikanyamaza. Nilidhani ataacha mchezo wa kuhesabu. Wapi! Wiki hiyohiyo alipima mashine tatu, mkono una bandeji, na watu wakapiga makofi. Nami nikawa naingia baada yake na mita yangu, kimyakimya, nikirekebisha.

Akaja mzee mmoja kiongozi wa bendi, mtu ambaye akikusifia, mji mzima unakuletea kazi, na akikukandia, funga duka ukauze mkaa. Amplifaya yake ilikuwa imeunguza transfoma. Nilisuka mpya mbili, maana mashine ya kusukia ikishategwa ni heri kumalizana nayo, moja inakaa akiba. Kaka akafunga moja, akawasha. Nilichungulia nyuma nikaona valvu zinaanza kuwa nyekundu tumboni.

"Kaka, zinakunywa umeme mwingi. Tupunguze kwanza."

Akaweka kiganja. Moja mpaka kumi, taratibu, anamtazama mzee. "Baridi kama maji ya mtungini," akasema. Mzee akacheka, akaibeba palepale. Sikupata nafasi ya mita. Ningeweza kusema palepale kwamba kiganja kile hakihisi. Sikusema, kwa sababu ni kaka yangu, aliyenilea baba alipofariki, na nilijua bila kile kiganja atajiona si kitu.

Siku ya tatu mzee alirudi, amplifaya begani, uso umekunjamana. Ilikuwa imetoa moshi katikati ya wimbo wa tatu, mbele ya watu. Aliitua juu ya meza yetu kwa kishindo.

"Nani alisuka transfoma hii?"

Nilimtazama kaka. Nikasema moyoni, sasa atasema. Atasema kosa ni la kupima.

"Mdogo wangu huyu," kaka akajibu. "Nimwambie mara ngapi asikimbize waya? Kupima nilipima mwenyewe, umeniona."

Jamani, siri yake niliibeba, naye akanibebesha kosa lake. Miaka kumi na moja ikaondoka kwa sentensi moja, na mzee ananitazama kama mwizi wa kuku.

"Funga ile ya akiba," nikamwambia kaka. "Washa. Mzee akae aone kama waya wangu ndio mbovu."

Akaifunga. Hakuigusa sehemu nyingine yoyote. Ikawaka nusu saa, sote watatu tunaitazama, harufu ya vanishi ya waya inaanza kupanda. Nikasema, "Pima, kaka."

Akaweka kiganja. "Moja. Mbili." Mzee akanyoosha mkono wake kando ya ule wa kaka, naye apime. Hakufika hata mbili. Aliurudisha akiruka, anapuliza vidole, anatukana. Kisha akautazama mkono wa kaka, ambao ulikuwa bado pale.

"Tatu," akasema kaka. "Nne."

Kaka alikuwa ameshaelewa. Akiutoa amekiri, asipoutoa anaungua. Akaninyanyulia macho, na mimi namjua, hayo ni macho aliyonipa siku ile ya lehemu. Ingetosha nimshike kifundo cha mkono tu. Nilikunja mikono yangu kifuani.

"Nane," akasema. "Tisa." Akafika kumi. Alipounyanyua mkono, ngozi ilibaki juu ya chuma.

Mzee aliitazama ngozi ile. Alinigeukia mimi. "Dada, unaweza kuirekebisha?"

Nilitoa mita mbele yao wote wawili. Nikapunguza umeme wa zile valvu, kazi ya dakika tano, wekundu ukaisha, tukaiacha ipoe, kisha ikawaka tena nusu saa. Mzee akaweka mkono, akafika kumi bila shida, akaniomba radhi, akasema bendi zote atazileta kwangu. Kwangu. Nilisubiri neno hilo miaka yote, na nililisikia huku harufu ya mkono wa kaka ikiwa bado imejaa chumbani.

Kaka alikuwa uani, ametumbukiza kiganja kwenye ndoo. Kulikuwa na ndoo mbili, moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji niliyochemsha ya kufulia. Mvuke ulikuwa umeshaisha na hakujua ameingiza mkono kwenye ipi.

"Haya maji," akaniuliza polepole, "ni ya baridi?"

"Pima," nikamwambia, nikarudi ndani.