Mama Mkwe Aliyefumba Macho

Nilidhani heshima ya mkwe na mama mkwe huishia kwenye lango la hospitali. Nilidhani mtu akishalazwa, akageuzwa na kuoshwa na wageni, mambo ya namna hiyo huwa yamekwisha. Nilikosea, na kosa hilo nusura limuue Kija.

Kija ni mama wa mke wangu, Selina. Kwa miaka mingi ameuza mchele kando ya barabara pale Kisesa, mchele anaoulima mwenyewe upande wa Magu. Mteja aliyeshika punje na kukunja uso aliambiwa arudi kwao akapike kokoto. Mimi sauti hiyo niliisikia ikielekezwa kwa wengine tu. Katika ukoo wao wa Kisukuma, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Kila nilipofika kwake alijifunika kanga kichwani, akageukia ukuta, akamwagiza yeyote aliyekuwepo: "Mwambieni huyo msomi wenu ugali unapoa." Nami nilishukuru kupitia kwa mtu huyohuyo, hata tukiwa watatu tu chumbani. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Mwaka jana kiharusi kilimnyang'anya sauti na nguvu za upande mmoja. Akiwa bado wodini, kidonda cha kisukari mguuni kikaoza. Daktari Teodora alisema mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu ingesambaa mwilini na kumuua. Hata hivyo alitaka jibu la mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa aliamini anaelewa. Alitufundisha sote namna ya kumuuliza: swali moja fupi, kisha atazame juu akikubali, afumbe macho akikataa.

Asubuhi ya uamuzi Selina alikuwa nyumbani anafua nguo za mama yake. Daktari hakujua Kisukuma, na Kiswahili cha Kija kilikuwa cha biashara tu. Alexander, mwanawe wa kwanza, akanisukuma mbele.

"Muulize wewe, shemeji. Wewe ndiye umesoma."

Nakiri kwamba nilijisikia nimeheshimiwa. Niliinama juu ya kitanda, nikamtazama usoni, nikamuuliza kwa Kisukuma kama anakubali mguu ukatwe ili aishi. Akafumba macho. Daktari akaniambia nirudie. Nikasogea karibu zaidi, nikarudia. Akayafumba kwa nguvu hadi kope zikatetemeka.

"Mmeona?" alisema Alexander. "Mama amekataa. Tumrudishe nyumbani akapumzike. Mimi siwezi kumzika mama nusu."

"Nani amekwambia tunazika?" nilimuuliza.

"Shemeji, umeuliza mwenyewe, umejibiwa mwenyewe. Au ulikuwa na jibu lako mfukoni?"

Nilimchukia Alexander kwa unafuu nilioona usoni pake, nikamchukia daktari aliyekwisha kuinamia faili na kuandika kwamba mgonjwa amekataa. Nilijichukia zaidi mimi, maana maisha yangu yote nimefundishwa kujenga hoja, na pale sikuwa na hata moja.

Ndipo Selina alipoingia na mfuko wa nguo. Alexander akamweleza kilichotokea. Selina hakumtazama yeye; alinitazama mimi na mahali nilipokuwa nimesimama.

"Umemuulizia hapo? Hapo mbele ya uso wake?"

"Nilikuwa nafuata maelekezo ya—"

"Ulitaka akutumbulie macho! Mkwe wake! Kichwa wazi, kanga yenyewe imetupwa miguuni! Chuo kikuu walikufundisha nini, Baba Kashindye? Toka. Toka kabisa, asisikie hata viatu vyako."

Nilitoka nikasimama kwenye korido, mgongo ukiwa mlangoni, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Nilimsikia Selina akimwambia mama yake kwa Kisukuma kwamba mkwe ameondoka, na kwamba sasa anamfunika kichwa. Kisha akauliza.

"Ametazama juu," alisema daktari. "Mgeuzie swali, tuwe na hakika."

Selina akamuuliza kama anataka kurudi nyumbani na mguu ule.

"Amefumba."

"Mama amechanganyikiwa!" Alexander alipaza sauti. "Mara hapana, mara ndiyo! Mtamkata mtu asiyejua anasema nini?"

"Mwanzo hakuwa amejibu," alisema Teodora. "Alikuwa anamheshimu mkwe wake. Ni sisi tuliomwekea maneno mdomoni."

Mguu ulikatwa siku hiyohiyo. Kija sasa yuko Kisesa, anakaa kwenye kiti cha magurudumu kando ya mchele wake. Sauti haijarudi, lakini mteja akikunja uso, huamuriwa kuondoka kwa jicho moja tu. Nikifika, hujivutia kanga kwa mkono mzima, akageuka.

Kwa miezi kadhaa hasira yangu ilinirudia mimi mwenyewe. Kwa Alexander niliona haya. Nilikwenda hadi kwake kumwomba radhi kwa niliyomfikiria, nikiamini kwamba naye, kama mimi, alidanganywa na macho yaliyofumbwa. Alinipokea vizuri, akanichinjia kuku.

Baadaye Selina alikutana sokoni Nyamagana na Modesta, mwanamke aliyekuwa akimuuguza dada yake kwenye kitanda kilichopakana na cha Kija. Modesta alimweleza kwamba alfajiri ya siku ile, kabla hatujafika, Alexander alimuuliza mama yake swali lilelile akiwa peke yake, tena mara mbili, na mara zote mbili Kija alitazama juu.